Kujaribu na kuchangia instola ya Debian ukiwa Lamu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi nina kibanda cha kutengeneza kompyuta Langoni hapa Amu, na kwa muda sasa nikipata nafasi najaribu instola ya Debian na kutuma ripoti. Watu wanaona flashi zimejaa mezani wanauliza, wengine wananitumia voisi usiku wa manane, na maswali ni yale yale. Basi nimeyaweka hapa. Soma pale penye haja yako, sio lazima uanze juu.

## Mambo ya mwanzo

1. Debian ndio nini, na instola ndio nini?

Debian ni mfumo wa kompyuta kama Windows ilivyo mfumo, ila huu ni programu huria, yaani hulipi na kodi zake zote (maandishi ya programu yenyewe, sio kodi ya serikali) ziko wazi unaweza kuzisoma na kuzibadilisha. Ulianzishwa 1993 na Ian Murdock, na Ubuntu ambayo wengi mnaijua imejengwa juu yake.

Instola ni ile programu ya kwanza kabisa unayoiona ukichomeka flashi na kuwasha mashine. Inakuuliza lugha, uko nchi gani, kibodi ya aina gani, inatafuta mtandao, inagawa diski, inaweka mfumo, mwisho inaweka GRUB ili mashine ijue kuwaka. Alafu ishapotea, huioni tena labda mpaka miaka mitatu ijayo. Hii tuliyonayo ilitoka rasmi na Debian 3.1 mwaka 2005, kabla yake kulikua na kitu kinaitwa boot-floppies, jina lenyewe linakwambia ni enzi za zile diski za mraba.

2. Lazima nijue programu ndio nichangie?

La. Anaetakikana zaidi ni mtu mwenye subira na mwenye tabia ya kuandika kitu alichokiona na sio alichodhani. Kama unaweza kumueleza fundi wa boti injini ilifanya sauti gani kabla izimike basi kazi hii unaiweza. Ukijua kodi kidogo ni faida, nenda swali la 20.

3. Wanalipa?

Hawalipi. Ni kujitolea. Utakachopata ni ujuzi, na huo ujuzi mimi unanilisha, manake mteja akileta laptopu iliyogoma kubuti (kuwaka) najua pa kuanzia.

4. Kwani Ulaya hakuna watu wa kujaribu? Sisi huku kisiwani tuna nini?

Tuna mashine mbovu, na usicheke.

Laptopu ikikaa Lamu miaka mitatu chumvi ya bahari ishaingia mpaka kwa skrubu, tundu la waya wa mtandao lishashika kutu, betri ndogo ya saa ishakufa na kuna herufi mbili hazibonyezeki. Nyingi zilikuja mtumba kutoka Ulaya kwahio kibodi ni ya Kijerumani, ukibonyeza Y inatoka Z. Mtandao ni simu. Stima inakwenda na kurudi. Sasa mtu anaeandika hio instola yuko na mashine mpya, mtandao wa waya, stima haijampotea tangu azaliwe, atajuaje instola yake itafanya nini huku? Ni kama jahazi jipya la Matondoni, fundi ashapiga kalafati vizuri, lakini linapovuja utapajua likiingia maji.

Nkupe mfano mmoja mdogo tu. Ukichagua lugha ya Kiingereza alafu ukaenda kutafuta Kenya, kwanza haipo kwenye orodha ya mbele, unaingia "nchi nyingine", unaingia Afrika, ndio unaipata. Ukishaichagua inakuuliza swali lingine tena, kwamba hakuna mpangilio wa Kiingereza cha Kenya (namna ya kuandika tarehe, pesa na kadhalika), je tutumie wa nchi gani? Na ni kweli haupo, upo wa Nijeria, wa Zambia, wa Zimbabwe, wa Botswana, wa Kenya hakuna. Mtu wa London hio skrini hatoiona maisha yake yote. Mimi naiona kila siku, kwahio ikiharibika mimi ndio ntaijua kwanza.

## Kabla hujagusa flashi

5. Nitumie kompyuta gani?

Yoyote ambayo ikifutika yote hakuna atakaelia. Sio ya mama, sio ya shule, sio ile ina hesabu za duka. Instola kazi yake ni kuandika juu ya diski, na hii unayoijaribu ni ya majaribio, haijakamilika, ndio maana inaitwa majaribio.

Mashine ikiwa kuukuu ndio bora, lakini angalia prosesa. Debian 13, ile inaitwa trixie iliyotoka Agosti 2025, haina tena instola ya PC za biti 32. Zile netbuku ndogo za zamani watu wananiletea wakidhani ndio zafaa kwa majaribio, nyingine haziwezi kabisa, mwisho wao ni Debian 12. Kama huna mashine ya ziada fanya ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya kompyuta yako, swali la 8.

6. Nishushe faili gani, na bando litatosha?

Kuna aina tatu utakutana nazo:

Netinst ni ISO (faili moja lenye instola, la kuandikia flashi) ndogo, chini ya GB 1, ina kiasi cha kuanzia tu na vingine inavuta mtandaoni wakati wa kuinstoli. DVD ya kwanza ni karibu GB 4 na ukiwa nayo unaweza kuinstoli bila mtandao kabisa. Alafu kuna zile za kila siku, zinatengenezwa upya kila siku na ndani yake ndio mna instola ya toleo lijalo, saa hizi toleo hilo linaitwa forky. Hizi za kila siku ndio zenye faida kwa kujaribu, manake ukipata kosa leo bado kuna wakati wa kulirekebisha kabla halijamfikia mtu wa kawaida.

Bando sasa. Shusha kwa `wget -c` ikikatika unaendelea ulipoachia, usishushe kwa brauza ya simu alafu uhamishe, hapo ndio faili zinaharibika. Ukimaliza linganisha na faili la SHA512SUMS lililo pale pale uliposhushia:

`sha512sum -c SHA512SUMS --ignore-missing`

Ikikwambia OK endelea. Isipokwambia OK usiandike ripoti, shusha upya. Nshapoteza Jumamosi nzima kwa ISO iliyopungua kichwa ama miguu sijui.

Na ukiwa unajaribu mara nyingi basi tafuta mashine moja kuukuu uiwekee `apt-cacher-ng`. Hio inahifadhi kila kifurushi (sio cha bando, ni programu iliyofungwa tayari kuinstoliwa) kilichovutwa mara ya kwanza, mara ya pili unakipata humo humo ndani bila kugusa bando. Kwenye instola kuna swali la proksi (mashine ya kati ya kuvutia vitu mtandaoni) ambalo watu wote wanaliruka, wewe usiliruke, andika `http://` alafu anwani ya ile mashine kuukuu alafu `:3142`. Kabla ya hio nilikua nanunua bando la wiki linaisha siku moja na mke wangu ananiangalia.

7. Flashi naiandikaje?

Kama uko kwenye Linux, chomeka flashi, andika `lsblk` uone jina lake, alafu:

`sudo cp debian.iso /dev/sdX`
`sync`

Hio X badilisha na herufi ya flashi yako, na ni flashi nzima sio `sdX1`. Kwa Windows tumia Rufus, ikikuuliza namna gani chagua DD.

Sasa skia. Hio `lsblk` isome mara mbili. Binamu yangu alikua na haraka, boti ya Mokowe inaondoka, akaandika ISO juu ya diski ya nje yenye picha za harusi ya dada yake. Siku saba za harusi. Amri ya `cp` haiulizi "una uhakika?", inaandika tu. Mpaka leo akija dukani simwachii amri hio aiandike mwenyewe.

8. Mashine pepe inatosha ama lazima mashine ya kweli?

Inatosha kuanzia, na kwa vitu kama maswali ya instola, tafsiri na kugawa diski ni bora kuliko mashine ya kweli manake ukiharibu unafuta faili moja na kuanza tena. Ukiwa na QEMU, programu ya kuendesha mashine pepe:

`qemu-img create -f qcow2 diski.qcow2 20G`
`qemu-system-x86_64 -enable-kvm -m 2048 -cdrom debian.iso -hda diski.qcow2`

VirtualBox pia sawa kama hupendi kuandika.

Lakini mashine pepe haina waifai yenye kiburi, haina tachipadi, haina BIOS (programu ya ndani inayoiamsha mashine) ya mwaka 2011 yenye mambo yake. Hivyo vyote vinajaribika kwa chuma tu. Ukiripoti sema wazi ilikua pepe ama chuma.

## Siku ya kujaribu

9. Nibonyeze tu endelea endelea mpaka mwisho?

Mara ya kwanza ndio. Pita njia ya kawaida, usiguse kitu, uone inafika mwisho na mashine inawaka. Mara ya pili ndio uwe mtundu, yaani uwe yule mteja asiesoma. Weka paswadi ya waifai makosa uone inakwambia nini. Rudi nyuma katikati. Chagua diski yote isimbwe, yaani ifungwe isisomeke bila paswadi. Badilisha kibodi. Chomoa flashi nyingine uliyoiacha imechomekwa. Tumia ile ya maandishi matupu badala ya ile ya picha na maus. Kila utakachofanya kiandike kwenye daftari, karatasi kabisa, manake kompyuta ndio hio inajaribiwa na simu utaisahau.

Kitu kimoja watu hawakijui: kwenye menyu ya kwanza ukibonyeza `s` alafu Enter instola inaanza kusema kwa sauti, ni kwa ajili ya wasioona. Kuna mzee mmoja Mkomani haoni, alikaa hapa kwa kibanda akasikiliza ile sauti ya roboti inasoma menyu kwa Kiingereza, akacheka akasema huyu anaongea kama ana mafua, lakini akabonyeza mwenyewe mpaka kwenye swali la nchi. Hapo orodha ya nchi ikamchosha. Hio nayo ni habari ya kuandika, sio lazima kitu kivunjike.

10. Waifai haionekani, hio ni hitilafu?

Zamani ilikua ni kawaida, manake kadi nyingi za waifai zinataka fimwea (programu ndogo inayoendesha kadi yenyewe) ya kampuni ambayo sio huria na Debian haikuitia kwenye ISO rasmi. Mwaka 2022 wanachama walipiga kura wakakubali iingie, na kuanzia Debian 12 ya 2023 imo. Kwahio saa hizi kadi ya kawaida isipoonekana, ndio, inafaa kuripoti, na andika kadi ni gani hasa. Ukiweza kufungua teminali ya instola (pa kuandikia amri, swali la 12) na `lspci` ikiwepo hapo, andika `lspci -nn` ukopi mstari wa kadi na zile namba zake.

Ili uendelee na kazi chomeka simu kwa waya wa USB uwashe kushea intaneti. Mara nyingi instola inaiona kama kadi ya waya na maisha yanaendelea. Mimi hapa ndio njia yangu ya kila siku.

11. Stima ikipotea katikati?

Kama laptopu ina betri inayoshika, hata hutojua. Kama betri ni pambo, ama ni deskitopu, basi imekwisha, instola haiendelei ilipoachia, unaanza upya. Diski itakua nusu imeandikwa nusu haijaandikwa.

Lakini usikasirike ukaifuta haraka. Anza upya kwenye diski ile ile iliyoachwa nusu, uone instola inapokuta mabaki ya jana inafanya nini. Inayaona? Inakubali kuyafuta? Ile ya kusimba diski inasema nini ikikuta simbo la zamani? Hilo ni jaribio ambalo mtu mwenye stima ya uhakika halifanyi ila kwa makusudi. Sisi tunaletewa bure.

## Ikikwama

12. Imeganda, nifanye nini kabla ya kuzima?

Usizime! Hapa ndio watu wote wanaharibu, wanashika kitufe cha pawa alafu wanakuja kuniambia "iliandika kitu chekundu".

Bonyeza Ctrl+Alt+F4. Hapo utaona logi (kumbukumbu ya kila instola inachofanya) inavyotembea, mistari ya mwisho ndio yenye siri mara nyingi. Piga picha kwa simu, picha isiyotikisika tafadhali. Ctrl+Alt+F2 inakupa teminali ndogo, ndani yake `/var/log/syslog` ndio logi yote. Kurudi kwenye ile ya picha ni Ctrl+Alt+F5, na kwa ile ya maandishi ni Alt+F1.

Kisha rudi kwenye menyu kuu ya instola, kuna sehemu ya kuhifadhi logi. Inakupa njia kadhaa na moja naipenda sana, inageuza ile mashine iliyokwama kua seva ndogo ya wavuti, wewe kwa simu ama laptopu nyingine kwenye mtandao ule ule unaandika anwani yake unazichukua logi zote. Mara ya kwanza kuiona nilimwita jirani muuza samosa aje aone.

Kama ilifika mwisho na mfumo ukawaka basi logi ziko ndani ya `/var/log/installer/`, hazipotei.

Na ukiiona inakwama pale pale kila mara, buti upya na kwenye mstari wa kubuti (ule wa amri unaohaririwa kwenye menyu ya kwanza) ongeza `DEBCONF_DEBUG=5`, logi itakua ndefu kama foleni ya chakula cha Maulidi lakini wanaojua kuisoma wataipenda.

13. Ntajuaje kosa ni la instola na sio la mashine yangu?

Huwezi kujua kila mara, na mimi mwenyewe nilishaumbuka.

Nilikua na laptopu moja nyeusi, mtumba, kila ikifika kwenye kuvuta mfumo wa msingi inakataa, inasema saini za vifurushi sio sahihi. Nikajaribu mara nne. Nikabadilisha flashi. Nikaandika ripoti ndefu yenye hasira kidogo. Akanijibu mtu mmoja kwa mstari mmoja tu, akauliza saa ya mashine inasema ni lini. Nikaenda kuangalia BIOS: Januari 2009. Betri ya saa, ile ya duara kama shilingi, CR2032, ilikua imekufa na kuvimba chumvi ya kijani. Mashine inaamini ni 2009 alafu inaonyeshwa funguo zilizotengenezwa miaka mingi baadae, lazima itasema huu ni uongo. Kwa macho yake ilikua sawa kabisa.

Kwahio kabla ya kuripoti: saa iko sawa? ISO ilikaguliwa (swali la 6)? Ukibadilisha flashi bado? Ukijaribu kwa mashine pepe bado? Ikitokea kwa mashine mbili tofauti basi hio ni ya instola karibu na yakini. Ikitokea kwa moja tu bado ripoti, ila sema ni moja tu.

## Kuandika ripoti

14. Ripoti naituma wapi na naiandikaje?

Ukiwa kwenye mfumo uliowaka andika `reportbug installation-reports`, inakufungulia fomu na inakukusanyia habari za mashine. Kama mfumo haukuwaka tuma imeli ya kawaida kwa submit@bugs.debian.org, maandishi matupu, mstari wa kwanza kabisa ndani ya imeli uwe `Package: installation-reports`. Baada ya muda unarudishiwa namba. Itunze namba hio.

Fomu ina orodha ya hatua: kubuti, kadi ya mtandao, kutambua diski, kugawa, mfumo wa msingi, GRUB na kadhalika. Kila hatua unaweka O ikiwa sawa, E ikiwa kulikua na kosa, na hukuifikia unaacha wazi. Chini kuna nafasi ya maelezo, na hapo ndio mtu anajulikana.

Ripoti mbovu inasema "waifai haifanyi kazi". Ripoti ya maana inasema hivi, na huu ni mfano nimeubuni: nilibuti kwa flashi, njia ya UEFI (ndio BIOS ya mashine mpya), ISO ya kila siku ya tarehe fulani, laptopu aina fulani. Nikachagua kadi ya waifai, nikaweka jina la mtandao na paswadi yenye nafasi katikati. Nilitarajia iendelee, ikanirudisha kuniuliza jina tena bila kusema kitu. Nikabadilisha paswadi isiyo na nafasi, ikakubali. Nimerudia mara tatu, hivyo hivyo. Umeona? Nini nilifanya, nini nilitarajia, nini kilitokea, na mara ngapi. Mtu aliye mbali anaweza kukaa na kurudia.

Usitie kosa tatu ndani ya ripoti moja. Na ukali wa kosa usiuzidishe, ukiandika kila kitu ni balaa watazoea.

15. Ilienda vizuri kabisa, bado niripoti?

Ripoti. Kwao "mashine hii, ISO hii, yote sawa" ni habari kamili. Usipoandika wanajua tu kwamba hakuna aliyelalamika, na huenda ni kwamba hakuna aliyejaribu.

16. Kiingereza changu kibovu, watanicheka?

Sijawahi kuchekwa. Wengi wao pia Kiingereza sio lugha ya kwanza. Andika sentensi fupi, kitendo kimoja kila mstari, na ambatisha logi, logi haina lafudhi.

17. Jina langu na imeli zitaonekana?

Ndio, na milele. Kila ripoti ni wazi kwa dunia nzima na haifutwi kwa kuomba. Mimi nna imeli ya kando kwa kazi hii. Na logi zenyewe zipitie kabla ya kutuma, zina jina la mashine, jina la waifai yako, namba za kadi, na angalia paswadi isiwe imeingia mahali. Jina la waifai la jirani yangu ni tusi, nilishawahi karibu kulituma.

18. Nimetuma wiki tatu, kimya.

Ni watu wachache na wana kazi zao. Subiri. Wakati huo chukua ISO mpya ya kila siku ujaribu tena, alafu ijibu ile ripoti yako kwa namba yake useme bado iko ama imekwisha. Ukiona wameweka alama ya `moreinfo` maana yake mpira uko kwako, wanangoja jibu lako.

## Zaidi ya kujaribu

19. Naweza kuitafsiri kwa Kiswahili?

Hili ndio swali ninalolipenda. Maneno ya instola yako kwenye faili za PO, kila ujumbe una mstari wa `msgid` wa Kiingereza na chini yake `msgstr` tupu ya kujaza. Yamegawanywa kwa ngazi, ngazi ya kwanza ndio ile karibu kila mtu anaiona, basi anzia hapo usianzie vichochoroni. Upande wa mfumo mipangilio ya Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania ipo tayari, `sw_KE` na `sw_TZ`, na herufi zetu hizi hazitaki fonti ya ajabu. Kabla ya kuanza andika kwa debian-boot@lists.debian.org uulize kama kuna mtu ashaanza, msijefanya kazi mara mbili.

Ugumu ni maneno. "Partition" tuite nini? Wengine sehemu, wengine kizigeu, mimi dukani nasema patisheni na kila mtu ananielewa. Rai yangu, chukua neno ambalo mteja akilisoma peke yake saa nne usiku hatolazimika kunipigia simu. Na kaeni wawili watatu mkubaliane, manake mtu wa Amu, mtu wa Unguja na mtu wa Nairobi hawatakubaliana kwa siku moja.

20. Najua kuandika skripti kidogo, naanzia wapi?

Kodi iko salsa.debian.org chini ya kikundi cha installer-team. Nyingi ni skripti za sheli na nyingine ni C. Angalizo, ndani ya instola hamna bash, ni sheli ndogo ya BusyBox, kwahio zile mbwembwe za bash ziache nje. Vifurushi vyake vinaitwa udeb, ni deb zilizokatwa mafuta ili ziingie kwenye mashine yenye memori ndogo.

Ukibadilisha kifurushi kimoja kijenge, kiweke kwenye folda ya `localudebs` ndani ya `build`, alafu jenga instola yako, `make build_netboot`, uibuti kwa QEMU. Ikikubali tuma ombi la kuunganisha pale Salsa, ama tuma pachi kwenye ripoti yenyewe. Anza na kitu kidogo, ujumbe wenye kosa la tahajia hauna aibu.

21. Nimechoka kujibu maswali yale yale kila nikijaribu.

Andika faili la preseed. Ni majibu yote kwenye faili moja, instola inalisoma inajijibu yenyewe, unaliweka kwenye seva ndogo hapo nyumbani na kwenye mstari wa kubuti unaandika `auto url=` na anwani yake. Acha tu lile swali unalolijaribu lisijibiwe, ili usimame hapo. Lakini usifanye majaribio yote hivi, ukijibu kwa preseed zile skrini huzioni.

## Mambo ya pembeni

22. Instola niliyoiona haifanani na unayoielezea.

Huenda ulibuti ISO ya live (inayowaka moja kwa moja kutoka flashi bila kuinstoli) ukabonyeza alama ya kuinstoli kwenye deskitopu. Hio ni Calamares, mradi mwingine kabisa. Kuijaribu pia ni kheri, ila taja ni hio, usipeleke kosa la Calamares kwa watu wa instola hii.

23. Nataka kuacha Windows hapo hapo.

Inawezekana, na ni jaribio la thamani manake ndio watu wengi wanavyofanya. Lakini hifadhi vitu vyako nje kwanza, na kama diski ina BitLocker (ile ya Windows ya kusimba diski) tafuta ule ufunguo wake uuandike kwa karatasi kabla ya yote. Instola haiandiki mgawanyo wa diski mpaka ikuulize ukubali, hio skrini isome kama unasoma hati ya shamba.

24. Naweza kuleta vijana wa shule wajaribu pamoja?

Walete, likizo ndio wakati wake. Mashine mbili na flashi tatu zinatosha vijana sita, mmoja anabonyeza, mmoja anaandika daftari, mmoja anapiga picha skrini, alafu wanabadilishana. Anaebonyeza asiruhusiwe kuandika kwa raundi hio, manake anaandika alichokusudia na sio kilichotokea. Waje na chaja zao na waje asubuhi. Mchana bati linachemka na laptopu zinazima zenyewe, na hio sio hitilafu ya instola.